Idara ya kilimo ya jimbo: polisi wa wadudu, mizani na pampu za mafuta

Ukiingia California kwa gari kutokea Arizona, ukifika mji wa Blythe barabara kuu inapita kwenye vibanda vinavyofanana kabisa na kituo cha kulipia barabara. Ila hakuna anayelipa. Mtu mwenye sare anatupia jicho namba ya gari, anainama dirishani na kuuliza: mmebeba matunda, mboga au mimea yoyote? Ukijibu kwamba una mfuko wa machungwa uliyochuma kwa shangazi yako Texas, ataomba ayaone, na huenda safari ya machungwa hayo ikaishia hapo. Mtu huyo si wa uhamiaji wala si wa forodha. Hujavuka nchi, umevuka jimbo tu. Ni mtumishi wa idara ya kilimo ya jimbo.

Kwetu ukitaja idara ya kilimo, picha inayokuja ni ya bwana shamba na pikipiki yake, mbegu bora na mbolea ya ruzuku. Kwa Marekani picha hiyo itakupoteza. Idara ya kilimo ya jimbo kule ni chombo cha serikali ya jimbo, si cha Washington, na sheria imeipa hasa kazi ya kukagua, kupima, kuzuia na kutoza faini katika mambo ya mazao, mifugo na chakula. Kumfundisha mkulima kuna wenyewe. Mwaka 1862 sheria ya Morrill iliyapa majimbo ardhi ya kuanzishia vyuo vya kilimo na ufundi, mwaka 1887 vyuo hivyo vikapata fedha za vituo vya utafiti, na mwaka 1914 sheria ya Smith-Lever ikaweka mpango wa ugani chini ya vyuo hivyo hivyo. Kwa hiyo bwana shamba wa Marekani ni mtu wa chuo kikuu. Mtu wa idara akionekana shambani, mara nyingi amekuja na mtego wa nzi au karatasi ya amri.

Wizara ya kilimo ya Washington nayo ilizaliwa mwaka huo wa 1862, Lincoln akiwa katikati ya vita. Majimbo yalifuata kila moja kwa wakati wake. Georgia ndiyo inayotajwa kutangulia, mwaka 1874, na kati ya kazi za mwanzo za idara yake ilikuwa kukagua mbolea za viwandani, maana mkulima wa pamba alikuwa anauziwa gunia bila kujua ndani kuna nini. Hadi leo mkuu wa idara ya Georgia anapigiwa kura na wananchi kama anavyopigiwa gavana, na majimbo 12 yana utaratibu huo. California haimo. Kwao gavana ndiye anayemteua katibu wa kilimo.

Nimeichagua California kwa sababu historia ya idara yake inasomeka kwa kufuata wadudu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ni filoksera, ndugu wa vidukari, anayefyonza mizizi ya mzabibu mpaka mti unakauka. Aligunduliwa Sonoma mwaka 1873, na mwaka 1880 jimbo likaunda tume ya zabibu. Mwaka uliofuata sheria iliruhusu kila kaunti kuwa na makamishna wake wa bustani, na mpaka leo kamishna wa kilimo wa kaunti ndiye mkono wa idara huku chini. Mwaka 1883 ikaja bodi ya bustani ya jimbo. Kila mdudu alipoingia, chombo kipya kilizaliwa.

Kisa kitamu kuliko vyote ni cha vidugamba vyeupe kama pamba, vilivyoingia na miche kutoka Australia na kuanza kuua michungwa ya kusini mwa jimbo. Mtaalamu wa Washington, Albert Koebele, alitakiwa aende Australia kutafuta adui wao wa asili, lakini Bunge lilikuwa limewakataza wataalamu wa wadudu kusafiri nje kwa fedha za umma. Njia ikapatikana: akapachikwa kwenye msafara wa maonyesho ya Melbourne ya mwaka 1888. Kutoka huko alituma mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, jumla yao mia tano na ushei. Walifunguliwa ndani ya hema lililofunika mchungwa mmoja huko Los Angeles. Kufikia mwisho wa 1889 vidugamba vilikuwa vimeshindwa, na wakulima wakamzawadia Koebele saa ya dhahabu. Ushindi ule ulikuwa wa Washington zaidi kuliko wa jimbo, tusiwapokonye wenyewe. Lakini ulilifundisha jimbo jambo moja: mche mmoja ulioingia bila kukaguliwa unaweza kugharimu bonde zima.

Mwaka 1919 bodi na tume hizo zilikusanywa chini ya paa moja, Idara ya Kilimo ya California. Mapema miaka ya 1920 vituo vya mpakani vilianza, na leo viko 16. Mwaka 1972 neno “chakula” liliongezwa kwenye jina, ikawa Idara ya Chakula na Kilimo.

Halafu akaja nzi. Anaitwa nzi wa Mediterania, ingawa kwao ni huku kwetu, Afrika kusini mwa Sahara. Jike hutoboa ganda la tunda na kutaga mayai ndani, na ukilipasua tunda unakutana na funza. Mwaka 1980 alinaswa Los Angeles na kwenye bonde la Santa Clara, lile ambalo sasa dunia inalijua kwa kompyuta. Gavana Jerry Brown hakutaka dawa ya malathioni imwagwe kwa ndege juu ya nyumba za watu. Akataka matunda yachumwe, dawa ipulizwe kutoka ardhini na nzi tasa waachiliwe. Nzi hakusikia. Julai 1981 Washington ilitishia kuyawekea karantini mazao ya California, Brown akakubali, na helikopta zikaanza kupita usiku juu ya vitongoji huku watu wakifunika magari yao. Ili kuonyesha kwamba dawa haina neno, B.T. Collins, mkuu wa kikosi cha vijana cha hifadhi cha jimbo, alikunywa hadharani glasi ya malathioni iliyozimuliwa. (Akaishi. Usijaribu.) Septemba 1982 nzi akatangazwa kuwa ametokomezwa. Novemba mwaka huo Brown aligombea useneta, akashindwa.

Ugomvi ule uliacha swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lililo chini ya idara zote za namna hii: chombo kinachotaka mazao yauzwe kinaweza kweli kuwa ndicho kinachoamua dawa ipi ni salama? California ilijibu mwaka 1991 kwa kuitoa kazi ya kusimamia viuatilifu mikononi mwa idara ya kilimo na kuipeleka upande wa mazingira. Majimbo mengi hayajafanya hivyo.

Siku hizi nzi huyu anazuiwa kwa uzazi. Tangu 1996 nzi wa kiume waliotiwa utasa kwa mionzi wanaachiliwa kila wiki kutoka kwenye ndege juu ya bonde la Los Angeles, ili majike wa mwituni wakipandana nao mayai yasianguliwe. Wamepakwa rangi inayong'aa chini ya taa maalumu, ili akinaswa mmoja mtegoni ijulikane kama ni wa idara au ni mgeni. Wazanzibari hawahitaji kuelezwa sana: mbung'o wa Unguja walimalizwa kwa njia hiyo hiyo kati ya 1994 na 1997, kwa mbung'o tasa waliofugwa Tanga.

Kazi nyingine hazina kishindo. Ile stika kwenye pampu ya mafuta inayothibitisha kwamba galoni haijapunjwa inatoka kwenye mfumo wa vipimo ulio chini ya idara hii, pamoja na mizani ya sokoni. Maziwa nayo yamo. Na tangu wapiga kura walipopitisha Pendekezo la 12 mwaka 2018, idara inahakikisha nyama ya nguruwe inayouzwa jimboni haikutokana na nguruwe jike aliyefungiwa mahali asipoweza kugeuka. Wafugaji wa majimbo mengine walimshtaki Karen Ross, katibu wa idara, hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2023 wakashindwa.

Ukitaka kulinganisha na kwetu, Kenya ndiyo inayokaribia, kwa kuwa katiba ya 2010 iliwapa kaunti kilimo na kuiachia serikali ya taifa sera. Lakini kukagua mimea mipakani kumebaki kwa KEPHIS, chombo cha taifa. Zanzibar ina wizara yake kwa kuwa kilimo si jambo la Muungano.

Januari 2024 watu wa idara walianza kuingia kwenye nyua za mji wa Redlands, mashariki ya Los Angeles, na kuchuma kila chungwa, limau na balungi katika nyumba zaidi ya 2,000. Safari hii waliyekuwa wakimfukuza ni nzi wa matunda kutoka Asia, yule yule aliyeonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003 na ambaye mwaka 2014 aliifanya Kenya isimamishe yenyewe kuuza maembe Ulaya. Wenye nyumba hawakuombwa ruhusa. Walitumiwa notisi ya siku ya kuchumwa.