Kigango kikirudi nyumbani, nani aamue kikae wapi?

Ukikikuta kigango, ile nguzo ya mbao ya kumkumbuka marehemu, kwenye stoo ya makumbusho ya ng'ambo, kitazame chini kwanza. Juu kuna kichwa cha duara na pembetatu zilizochongwa safu kwa safu. Chini mbao imelika kwa udongo na mchwa, maana hapo ndipo kilipokuwa kimechimbiwa kabla ya kung'olewa.

Mimi ni mhifadhi wa vitu vya kale hapa Pwani ya Kenya. Wagiriama humsimamishia kigango mwanachama wa Gohu, chama chao cha wazee, aliyefariki, wakakifunga vitambaa na kukimiminia pombe ya mnazi. Familia ikihama, kigango hakihami. Kinabaki palepale mpaka kiishe chenyewe.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye viliibwa. Kimoja kikaja kuonekana Marekani, Illinois State Museum, kingine Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Illinois ilikabidhi chake 2006, Hampton ikafuata. Bila picha ile, sijui nani angesikilizwa.

Vingi havina picha wala jina. Makumbusho ya Denver, Marekani, yalikuwa na vigango 30, na sheria ya Marekani ya 1990 inayolazimisha kurudisha mali za wenyeji inawahusu wenyeji wa huko tu. Denver waliamua wenyewe kuvirudisha, vikafika Kenya 2019.

Sasa vikifika, viende wapi? Sisi tumefundishwa kupambana na kuoza: tunadhibiti unyevu, tunavaa glavu, tunapiga dawa. Wazee wa kaya, yaani walinzi wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda, wakiwemo Wagiriama, wao wanajua kigango ni cha kunyeshewa na kupigwa jua. Kwangu mimi, neno la wazee ndilo la mwisho, hata kama kitaoza mbele ya macho yangu, na inaniuma kuandika hivyo. Wakiamua kikae makumbusho kwa kuogopa wezi, sawa, maana wezi wapo kweli. Ila waitwe kabla kreti halijafungwa huko ng'ambo. Kuwaita siku ya hotuba na kamera ni kuwadharau.

Jambo moja husahaulika sana. Makumbusho mengi yalivipaka vitu vya mbao dawa za wadudu, na baadhi ni sumu kwa binadamu. Kigango kitashikwa kwa mikono mitupu na watoto watakuwa karibu. Makumbusho yanayorudisha yakipime kwa gharama yake, na majibu wapewe wazee kwa Kiswahili au Kigiriama, siyo kuachwa kwenye faili la ofisini.