Si kila ufungamano wa kikwanta unaovuka kikomo cha Bell

Wanafunzi wengi wa fizikia hapa Mbeya huamini kwamba chembe mbili zikifungamana kikwanta, yaani zikishiriki hali moja isiyogawanyika hata zikitenganishwa, matokeo ya vipimo vyake hayawezi kamwe kuelezwa kwa sababu zilizoamuliwa tangu zilipokuwa pamoja. Mtu aliyenunua viatu Mwanjelwa akasahau kimoja, akifika Makambako na cha kushoto hujua papo hapo kuwa kilichobaki ni cha kulia, na hapo hakuna ajabu yoyote, kwa kuwa jibu liliamuliwa tangu sokoni. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell alithibitisha kuwa uwiano wa matokeo unaotokana na sababu za namna hiyo una kikomo; katika kipimo kinachotumika sana kikomo hicho ni 2, ilhali chembe zilizofungamana hufikia takriban 2.83.

Hata hivyo, mwaka 1989 mwanafizikia Reinhard Werner alionyesha kuwa jozi ya chembe zilizofungamana kikamilifu ikichanganywa na kelele, yaani hali ya kubahatisha tupu, hadi mchango wa jozi hiyo ubaki, tuseme, asilimia 40, ufungamano bado upo, kwa kuwa hutoweka kwenye theluthi moja, lakini vipimo vya kawaida vya kila chembe huelezeka kama vile viatu. Imani ile ya wanafunzi ni sahihi kwa hali safi zilizofungamana, yaani zisizochanganyika na kelele, ambazo vitabu huzipenda mno kuliko maabara inavyozipata.