Je, wajua kwa nini Nyerere alitaka wazazi wasome kabla ya watoto?

Muulize mtu yeyote namna ya kumtoa mtoto kwenye umaskini, atakujibu papo hapo: mpeleke shule. Ni jibu zuri. Lakini mwaka 1964, Mwalimu Julius Nyerere alipolieleza Bunge Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alisema jambo ambalo mzazi wa leo anayehangaika na ada na sare angeweza kulishangaa. Alisema tuanze na watu wazima. Watoto, alieleza, hawatakuwa na athari kwenye uchumi wetu kwa miaka mitano, kumi au hata ishirini, ilhali fikra za watu wazima zina athari leo hii.

Hakuwa mtu wa kudharau shule. Alikuwa mwalimu kwa taaluma, na yeye mwenyewe aliingia darasa la kwanza pale Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akaishia Makerere na Edinburgh. Hoja yake ilihusu muda. Mtoto aliyeanza shule mwaka ule wa 1964 asingeanza kuzalisha chochote cha maana mpaka miaka ya sabini inaishia. Je, katikati hapo anaishije? Maji anayokunywa ni yale mama aliyoteka, yamechemshwa au hayakuchemshwa. Choo kipo kama baba amechimba. Shamba linatoa gunia mbili au kumi kutegemea mbegu na nafasi kati ya shina na shina. Na binti akifika miaka 13, kuna kikao cha wakubwa kinachoamua kama ataendelea na masomo au ataolewa. Katika mambo yote hayo mtoto hana kauli. Umaskini wake huamuliwa na watu wasiokaa naye darasani.

Na watu hao walikuwa wengi. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika.

Mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1969, Nyerere alilihutubia taifa na kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ukiisoma hotuba ile utaona kwamba kusoma na kuandika hakukuwekwa mbele kabisa. La kwanza lilikuwa watu waache kukubali maisha yalivyo, waache kudhani kwamba nyumba mbovu na magonjwa ni majaliwa. La pili, wajifunze namna ya kuyaboresha maisha hayo. La tatu, waielewe siasa ya nchi yao ya ujamaa na kujitegemea. Herufi zilikuwa nyenzo ya kufikia huko. Baadaye zikateuliwa wilaya sita, Mafia na Ukerewe zikiwemo, zifute kabisa ujinga wa kutojua kusoma kufikia mwisho wa mwaka 1971, na zikifaulu nchi nzima ifuate.

Kwa lugha rasmi madarasa hayo yaliitwa kisomo, au kisomo chenye manufaa. Mitaani wengi waliyaita ngumbaru, na hadi leo ukimwambia mtu aende ngumbaru unaweza kuwa unamtania au unamtukana, inategemea umesema kwa sauti gani. Madarasa yalikuwa popote: chini ya mwembe, ofisi ya TANU (chama tawala cha wakati huo), kanisani, darasa la watoto wakishatoka. Muda ulikuwa alasiri, baada ya shamba. Waliohudhuria zaidi walikuwa wanawake. Walimu walikuwa wa shule za msingi, lakini pia vijana waliomaliza darasa la saba na yeyote kijijini aliyejua kusoma, ambaye alipewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Fikiria kijana wa miaka kumi na saba akimfundisha shangazi yake kushika kalamu, na huku anatakiwa amwamkie shikamoo kwanza.

Hapo ndipo ugumu wa kumfundisha mtu mzima unapojitokeza. Huwezi kumpa kitabu cha mtoto, cha paka na mpira. Ana watoto sita, amezika, ameuza pamba na kupunjwa kwenye mizani, halafu umwambie asome habari za mpira? Ataondoka, na atakuwa na haki. Mradi wa majaribio ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO katika mikoa ya Ziwa kuanzia mwaka 1968 ulitoa suluhisho lililosambazwa nchi nzima baadaye: kila eneo na kitabu chake kulingana na kazi ya watu wake. Wakulima wa pamba walisoma pamba, wavuvi wakasoma uvuvi, penye migomba wakasoma migomba, kwingine kahawa, tumbaku, korosho, mahindi au ufugaji. Somo lilianzia kwenye neno ambalo mtu amelitamka maisha yake yote. Kutoka kwenye pamba unapata ba, be, bi, bo, bu, kisha pa, pe, pi, po, pu, na kwa silabi hizo chache mtu anaanza kuunda maneno mapya mwenyewe.

Kiswahili kilisaidia sana katika hili, tena zaidi ya tunavyokipa sifa. Kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtu akishazishika silabi zake anaweza kusoma sentensi yoyote kwa sauti, hata kama bado anakwenda polepole. Anayejifunza kusoma Kiingereza hana bahati hiyo. Kwa wengi vijijini Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani, ni kweli, ila walikuwa wanakisikia sokoni, mikutanoni na redioni.

Redio ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu. Mwaka 1973 ilianza kampeni ya Mtu ni Afya. Utaratibu wake ulikuwa hivi: wanakijiji wanajigawa katika vikundi, kila kikundi kina kiongozi aliyepewa mafunzo, wanakutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 12. Wanasikiliza kipindi cha Redio Tanzania Dar es Salaam, anayejua kusoma anawasomea wenzake sura ya wiki hiyo kutoka kitabu cha kampeni, wanajadili, na kabla ya kutawanyika wanakubaliana la kufanya. Wiki ya malaria wanafyeka majani na kufukia madimbwi. Wiki ya minyoo na kuhara wanachimba vyoo. Viongozi wa vikundi walikuwa wapatao 75,000 na washiriki wanakadiriwa kufikia milioni mbili. Vilitolewa hata vitambaa vyenye jina la kampeni. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, juu ya lishe.

Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Mtu ni Afya katika kaya iliyochimba choo hakuhitaji kusubiri mwaka 1990 ili afaidike na elimu. Alifaidika akiwa bado anatambaa, kwa elimu ya mama yake, ambaye pengine hakuwa amefika hata nusu ya kitabu cha kwanza cha kisomo. Ndiyo ilikuwa hoja nzima ya mwaka 1964.

Takwimu zilishuka kwa kasi ya kutisha. Wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa asilimia 39 mwaka 1975, 27 mwaka 1977, 21 mwaka 1981, 15 mwaka 1983, na mwaka 1986 ikatangazwa asilimia 9.6. Hii ya mwisho mimi naipokea kwa tahadhari. Mitihani ya kisomo ilikuwa na ngazi nne, na kufaulu siku ya mtihani ni jambo moja, kuendelea kusoma miaka kumi baadaye ni jambo jingine. Anayejua kusoma asipopata cha kusoma husahau. Waandaaji walilijua hilo mapema: ndiyo maana zilianzishwa maktaba za vijijini, na mwaka 1974 kanda ya Ziwa ikapata gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Lakini gazeti linataka karatasi, na karatasi inataka fedha za kigeni. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uchumi wa miaka ya themanini vilikula vyote. Posho zikakatika, redio zikakosa betri. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta wanaojua kusoma wakiwa karibu asilimia 78 ya watu wa miaka 15 na zaidi, kwa hiyo pengo lilikuwa limefunguka tena.

Je, umaskini uliondoka? Hapana. Mkulima aliyejifunza kusoma mizani na stakabadhi aliweza kujua amepunjwa kiasi gani, ila bei ya pamba yenyewe ilipangwa mbali naye. Elimu ilipunguza vifo, aibu na kudhulumiwa, mfuko haikuujaza. Wanaosema kisomo kilishindwa huwa wanakipima kwa mfuko peke yake, na wanaokisifu huwa wanasahau kuutaja.

Watoto nao hawakuachwa nyuma kwa muda mrefu. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka kila mtoto wa umri wa shule awe na nafasi darasani ifikapo 1977. Sishangai kwamba msukumo huo ulikuja katikati ya kampeni za watu wazima. Mama anayetoka kwenye kisomo saa kumi na moja jioni hachelewi kuuliza kwa nini mwanawe hana dawati.

Leo masalia ya mpango ule bado yapo na yanatumika. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa msaada wa Sweden, bado vinafundisha ufundi na ujasiriamali, na baadhi vinawapokea wasichana waliokatisha masomo. Tangu Novemba 2021 wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida pia. Mtoto aliyekosa darasa la kwanza kwa wakati anaingizwa MEMKWA, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa. Aliyemaliza darasa la saba akakwama, awe na miaka 20 au 50, anaweza kusoma kupitia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akafanya Mtihani wa Maarifa, ule unaojulikana zaidi kama QT, na akifaulu anajisajili Baraza la Mitihani kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.