Beringi za giaboksi zinazopwaya: tunayoambiana gereji na ukweli wenyewe

Jamani hili naomba tulizungumze, maana wiki iliyopita kijana wa bodaboda kaniletea injini hapa Chake, inalia kama inasaga kokoto, gia ya tatu inaruka, na beringi keshabadilishiwa mara mbili. Nimefungua kesi (lile ganda la injini), beringi imetoka kwa kidole tu! Nikamulika tundu lake kwa tochi, ukuta umesuguliwa mpaka unang'ara, basi ukiuona mng'aro ule ujue ringi ya nje ya beringi ilikuwa ikizunguka ndani ya kesi badala ya kutulia.

Watu wasema tia beringi mpya itakaza. Haikazi. Beringi mpya ya namba 6203 kwa nje ni milimita 40, na ile ya zamani ilikuwa 40 hizo hizo, kilicholika ni aluminiamu ya kesi, chuma cha beringi ni kigumu zaidi. Na anokwambia nunua beringi yenye alama ya C3 ndo itabana kachanganya mambo, C3 ni nafasi ya gololi huko ndani, haihusiani na tundu la kesi.

Hii ya pili ndo inayoniuma zaidi: "ikipwaya kidogo wacha, injini ikipata moto itajibana". Ni kinyume chake! Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua tundu la milimita 40, joto lipande nyuzi 80, tundu linaongezeka kama milimita 0.07 na beringi kama 0.04, kwa hiyo zinaachana zaidi. Ndo maana kiwandani huingizwa ikibana wakati wa baridi, ili ikichemka ibaki imeshika, sasa wewe ikishaingia kwa mkono ikiwa baridi unategemea nini tena huko mbele?

Kupiga vidoti vya panchi (kile chuma chenye ncha) kwenye tundu nako nakuona sana, na kweli beringi inaingia kwa kubana mteja akafurahi, lakini imeshikwa na vile vichongo tu, vinalainika baada ya muda, na hata kabla ya hapo beringi inaweza kukaa upande na shafti ikaenda mrama. Kipande cha kopo la soda ni yale yale. Silikoni ya gasketi usiitie kabisa, haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Gundi ya Loctite je? Inafaa, ila si ile ya nati, ipo ya beringi, mfano 641 ambayo siku nyingine unaweza kuifungua. Sharti pengo liwe dogo sana, upime tundu kwa geji, na usafishe kwa asetoni mpaka kusiwe na chembe ya oili, na isivuje ikaingia kwenye gololi. Pengo likizidi, mpelekee fundi anochonga vyuma kwa mashine atie bushi (ringi ya kurudisha kipimo cha tundu), au utafute kesi nyengine.

Tena si kila beringi inayoingia kwa wepesi ni mbovu, kuna injini ambazo kesi hugawika juu na chini, beringi hulala kwenye nusu tundu ikazuiwa na pini na nusu ringi, hizo usizilazimishe. Lakini kile kibati cha skrubu kwenye injini zetu hizi huzuia isitoke tu, kuzunguka hakizuii.

Ile kesi ya kijana nimeipima, Loctite isingetosha, ikaenda kutiwa bushi. Iliporudi nikatoa sili zote za mpira, beringi nikaifungasha vizuri ikalala kwenye friza, kesi nikaipasha yote kwa pamoja kwenye ofeni mpaka tone la maji likawa linachemka juu yake (usiiunguze sehemu moja kwa gesi, inapinda). Nyundo sikushika, maana ukigonga ringi ya ndani unazijeruhi gololi. Nimeiweka tu mdomoni mwa tundu, tap! ikazama mpaka chini, nikaibana kidogo kwa kidole mpaka ikashikwa, baada ya hapo haikutikisika tena.