Hita plagi za pikapu: maneno ya uani na ukweli wake

Asubuhi ya baridi ya Julai, Makambako. Hilux yenye injini ya dizeli ya aina ya 3L inapigwa stata mpaka betri inaanza kulegea, uani kumejaa moshi mweupe, na majirani watatu wamesimama, kila mmoja na jibu lake.

Wa kwanza atasema hita plagi, yaani vile vijiti vya umeme vinavyoipasha injini ya dizeli kabla ya kuwaka, ni mambo ya Ulaya, huku kwetu jua linatosha. Hapo injini zinachanganywa. Dizeli haina plagi ya cheche; hewa ikibanwa ndani ya silinda inapata joto kali, na mafuta yakipulizwa humo yanawaka yenyewe. Ila injini za zamani kama 2L, 3L na 5L hupulizia mafuta kwenye kichumba kidogo ndani ya silinda hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda), na kuta zake zikiwa za baridi zinanyonya joto lile. Ndiyo maana gari la namna hii linaweza kugoma hata Dar es Salaam likilala nje usiku mmoja. Pikapu za karibuni, zinazopulizia moja kwa moja juu ya pistoni, zinaweza kuwaka pale pale Dar na hita zote zimekufa, mwenye gari asijue mpaka siku apande Njombe.

Wa pili anaonyesha ile taa ya hita kwenye dashibodi: "Lakini taa ya koili imewaka ikazima, kwa hiyo ni nzima." Kwenye gari nyingi za zamani taa hiyo inahesabu sekunde tu. Ungezing'oa zote nne ukazitia mfukoni, bado ingewaka na kuzima vilevile.

Moshi mweupe nao si lazima uwe gasketi ya silinda hedi iliyokufa. Wa dizeli isiyoungua unanuka dizeli, unachoma macho, na unaisha injini ikishika moto. Maji yakiwa yanaingia kwenye silinda, moshi unaendelea na rejeta inapungua. Angalia maji kwanza kabla hujamruhusu mtu kufungua silinda hedi.

Kosa linalopoteza hela nyingi, na mimi nimelifanya, ni la kupima. Watu wanachukua mita, wanagusa kichwa cha hita na bodi ya injini, mita inasoma, wanasema hii nzima, wanahamia nyingine. Zote nne zinaonekana nzima! Kumbe kile kibati kinachopita juu kinaziunganisha zote pamoja, na hita moja iliyo hai inatosha kuzisemea zilizokufa. Toa waya wa hasi wa betri, fungua nati ndogo, ondoa kibati, ndipo upime moja moja. Hita nzima ya volti 12 ikiwa ya baridi husoma chini ya omu mbili, mara nyingi hata moja haifiki. Iliyokatika ndani haisomi kitu. Mara moja nilikuta tatu zimekufa, baada ya kununua betri mpya bure.

Usizijaribu kwa kuzigusisha betri ili uone zikiwa nyekundu. Zipo za volti 6 na pungufu, na kwa betri ya 12 zinaungua mbele ya macho yako. Volti huwa zimechapwa kwenye bodi ya hita.

"Hita ikigoma kufunguka, ongeza bomba kwenye spana." Hapa ndipo kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya kushusha silinda hedi. Hita ya nyuzi za milimita 10 inaweza kukatika ikifikia kama Nm 35 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha spana), na mkono wenye bomba unapita hapo bila kuhisi. Weka dawa ya kutu jana yake, fungua injini ikiwa na joto, na ikikaza irudishe kidogo kisha uilegeze tena. Puliza mchanga pembeni kabla haijatoka. Kurudisha, anza kwa vidole. Kukaza ni Nm 12 hadi 18 kwa nyingi za saizi hiyo, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye neno. Usizungushie ile tepu nyeupe ya mabomba: umeme wa hita unarudi kupitia bodi yake, nawe unataka kuuzibia njia.

Zikiungua tena baada ya wiki, lawama huenda kwa feki. Feki zipo, lakini tazama ncha. Ikiwa imeyeyuka, nozeli inayopulizia mafuta kwenye silinda hiyo huenda inavujisha. Zikifa zote kwa pamoja, shuku relei (swichi inayopeleka umeme kwenye hita) iliyoganda, au ile swichi ya kubonyeza ambayo fundi wa zamani aliiunga moja kwa moja, na dereva anaishikilia huku anapiga soga.

Na yule jirani wa tatu, mwenye kitambaa cha petroli au kopo la kupulizia kwenye mdomo wa hewa, mwondoe kabisa. Mvuke ule ukikutana na hita iliyo nyekundu unalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni ndiyo inayopokea kipigo.