Mbwa wako, bunduki na pori la Dodoma: ushauri wa daktari wa mifugo

Mjini Dodoma siku hizi si ajabu kukutana na pointa, spanieli au labrado akitembezwa jioni. Hawa ni mbwa wa aina zilizozalishwa Ulaya ili kumsaidia mtu mwenye bunduki. Pointa akishanusa ndege alipojificha husimama kama kigingi. Spanieli huingia kichakani akamrusha ndege. Labrado humfuata aliyeangushwa, hata majini, akamleta mdomoni bila kumtafuna. Wenye mbwa hawa wanapowaleta kuchanjwa, mara nyingi hufuatisha swali: "Daktari, nimpeleke wapi akafanye kazi aliyozaliwa nayo? Kwa kanga wa Chemba au bata wa Bahi?"

Jibu langu ni kwamba asipelekwe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataja njia za kuwinda zilizopigwa marufuku. Humo zimo sumu, mitego ya waya, mashimo, nyavu, taa za usiku na kumfukuza mnyama kwa gari. Katika orodha hiyohiyo kuna kutumia mbwa au mnyama mwingine yeyote wa kufugwa. Anayetaka kufanya lolote kati ya hayo lazima kwanza apate idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Leseni ya kuwinda uliyokata kihalali haimpi mbwa wako ruhusa ya kuingia porini nawe. Ndege nao wamo ndani ya sheria hiyo, kwa hiyo hoja ya kwamba "ni kwale tu, si swala" haitakusaidia mbele ya askari wa wanyamapori.

Wanaotazama video za Uingereza huniuliza mbona kule inaruhusiwa. Kule ndege hupigwa kwenye mashamba ya watu binafsi, kwa misimu inayojulikana, na mbwa huenda kuokota kilichoanguka. Hata hivyo, sheria ya mwaka 2004 ilipiga marufuku kuwinda mamalia kwa mbwa huko England na Wales, isipokuwa kwa mazingira machache yaliyotajwa. Kila nchi imejiwekea mpaka wake, na wetu uko wazi.

Najua pia wapo wazee wa Farkwa na Kwa Mtoro ambao maneno haya hayatawapendeza. Wasandawe waliishi kwa upinde, asali na mizizi kabla ya wengi wetu kufika katika nchi hii. Kwa Wagogo, mbwa kufuatana na wachungaji porini ni jambo la kawaida tangu zamani. Sidharau ujuzi huo hata kidogo. Wazee hawa wanasoma nyayo kuliko mtaalamu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Kilichobadilika ni pori lenyewe. Leo vijiji na mashamba ya mtama vimefika mpakani mwa mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero. Upande wa Manyoni, watu na mifugo wako karibu na Muhesi, Kizigo na Rungwa, ambayo nayo yanaungana na Hifadhi ya Ruaha. Mbwa anayeingia humo anakwenda mahali ambapo wanyama wamebanwa na hawana pa kukimbilia.

Tena mbwa hachagui. Mwenye bunduki anaweza kumwona digidigi jike mwenye mimba akashusha mtutu. Mbwa hawezi. Digidigi huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo lao dogo wasilolihama, hivyo mbwa waliozoea kichaka hicho watawamaliza wote wawili. Kanga na kwale hutaga chini, kwenye majani, na mayai yao ni chakula rahisi kwa mbwa mzururaji wakati wa masika. Hasara ya namna hii haionekani kwa haraka, kwa sababu hakuna mlio wa bunduki wala mzoga unaobebwa kwenye pikipiki.

Lakini kinachoninyima usingizi mimi kama daktari ni magonjwa.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka na kutetemeka, na takriban theluthi moja yao walikufa. Chanzo kilikuwa virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa. Wataalamu waliofuatilia waliuhusisha na mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, na katika miaka iliyofuata kampeni za kuwachanja mbwa hao zikafanyika. Katika ikolojia hiyohiyo, miaka michache kabla, makundi ya mbwa mwitu yalikuwa yametoweka, na kichaa cha mbwa kilithibitishwa kuwaua baadhi yao. Hawa ni wanyama waliobaki wachache duniani. Makadirio ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ni kwamba wazima wenye uwezo wa kuzaliana ni kama 1,400 tu. Eneo la Ruaha na Rungwa, jirani yetu kabisa, ni moja ya ngome zao muhimu zilizobaki. Mbwa mwitu huishi kwa kulambana na kula pamoja, kwa hiyo mmoja akiambukizwa, kundi zima limo hatarini. Inatosha mbwa mmoja asiyechanjwa kugombana nao kwenye mzoga, na kazi ya miaka mingi ya askari wa wanyamapori inapotea bila risasi hata moja kupigwa.

Ugonjwa huohuo wa kichaa unarudi nyumbani pia. Bweha au fisi mgonjwa akimng'ata mbwa wako porini, jeraha linaweza kuwa dogo kiasi cha kufichwa na manyoya. Wiki au miezi baadaye mbwa anabadilika. Mkali anapoa au mpole anakuwa mkali, mate yanamtoka, sauti inakwaruza, taya linalegea. Wengi hudhani amekwamwa na mfupa na kumtia mkono mdomoni. Usifanye hivyo kamwe. Dalili zikishajitokeza, kwa mbwa au kwa binadamu, hakuna dawa, na karibu wote hufa. Makadirio yanayotumika sana kwa Tanzania ni vifo vya watu wapatao 1,500 kwa mwaka, wengi wakiwa watoto wa vijijini, na takriban wote waling'atwa na mbwa wa kufugwa.

Mtu aking'atwa au akikwaruzwa, osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili ukitazama saa. Usipake mafuta ya taa, tumbaku wala majivu. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukapate chanjo, na umalize dozi zote kwa tarehe utakazopewa hata kama kidonda kimeshapona. Kama mbwa anafahamika, afungwe na aangaliwe siku 10, asiuawe kwa hasira. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa anaambukiza kichaa siku aliyong'ata. Lakini usisubiri siku hizo ndipo umpeleke mtu hospitali.

Chanjo ya mbwa dhidi ya kichaa huanza akiwa na umri wa miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Huku kwetu kampeni nyingi hufanyika kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini afisa mifugo wa kata anapatikana mwaka mzima. Tukifikia asilimia 70 ya mbwa wa kijiji, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Ndiyo maana nawaomba wenye mbwa wa gharama mjini wasiishie kwa mbwa wao. Ukienda kijijini Krismasi, chukua na mbwa wa nyumbani kwa wazazi na wa jirani, uwapeleke wote. Chanjo ya distempa na pavo (virusi vinavyowaharisha mbwa damu) ni ya ziada na hulipiwa, ila kwa mbwa anayeishi karibu na hifadhi naiona ni ya lazima.

Wenye mbwa wa kizungu wajue pia kwamba mwili wa mbwa huyo haukuumbwa kwa Oktoba ya Dodoma. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema zaidi kuliko kwa jasho. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Mtembeze kabla ya jua kupanda au baada ya kuzama. Akianza kuyumba na ulimi ukawa mwekundu sana, mwache kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na mapajani, mpepee, kisha mlete. Huko Manyoni na Itigi kuna mbung'o, na mbwa akipata nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, huumwa vibaya kuliko ng'ombe. Dalili ambayo watu huikosea ni jicho kugeuka la buluu au la maziwa. Huliita mtoto wa jicho na kuliacha hadi mbwa anakufa. Swila akimtemea sumu machoni, mwoshe macho kwa maji safi mengi bila kuchoka, kisha mwahishe kwa daktari.

Upande wa bunduki mimi si mwalimu, nitasema yale yanayogusa kazi yangu. Silaha inamilikiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Gobole la kutengenezwa kienyeji halina nafasi hapo, na mara kadhaa Jeshi la Polisi limetangaza muda wa msamaha wa kuyasalimisha. Aliye na leseni ya kuwinda akumbuke kwamba hatakiwi kumpiga mnyama kutoka kwenye gari wala akiwa ndani ya mita 200 kutoka lilipo. Kuvizia kwenye maji ya kudumu nako kumekatazwa, na katika nchi kame kama yetu naliona katazo hilo kuwa la haki kabisa: Agosti mnyama hana pengine pa kunywa.

Jambo moja la bunduki ambalo halizungumzwi ni marisawa, yaani punje ndogo ndogo zinazopigwa kwa bunduki ya kuwindia ndege. Punje nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Bata humeza vijiwe ili kusaga chakula tumboni, na kwenye matope ya Bahi au Hombolo punje iliyodondoka hailingani na kitu kingine isipokuwa kijiwe. Akizimeza chache tu anadhoofika, mabawa yanaanguka, na anayemla, awe tai au mbwa, anabeba sumu ileile. Marekani ilikataza punje hizo kwa kuwinda ndege wa majini nchi nzima tangu 1991. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa AEWA wa kulinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ambao nao unataka matumizi hayo yaishe kwenye ardhioevu. Kwa mwenye leseni, zipo punje za chuma. Muulize fundi wa silaha kwanza kama mtutu wako unazihimili, maana bunduki za zamani zinaweza kuharibika.

Nyama nayo ina mambo yake. Mzoga uliokutwa porini umevimba, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani na nyuma, usiupasue na usimrushie mbwa kipande. Huenda ni kimeta, na vijidudu vyake hukaa udongoni miongo kadhaa. Toa taarifa, uzuie watu na mbwa wasisogee. Usimpe mbwa maini na mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji, kwa sababu humo mna mabuu ya tegu, yakikua ndani ya mbwa hutoa mayai yanayowafikia watoto wenu kupitia kinyesi chake. Dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3 ni kinga nzuri. Kwa wenzetu wa Kondoa wanaotega kweleakwelea kwa kitoweo, tunaomba jambo moja: eropleni ikishapita kunyunyiza dawa ya kuwaua, ndege waliokufa au wanaolegea wasiokotwe kabisa. Ile ni sumu ya mishipa ya fahamu, haiondoki kwa kuchemsha, na paka na mbwa wa nyumbani wamo hatarini sawasawa na watu.

Basi mwenye pointa au labrado afanye nini? Afanye mengi. Pua na utii wa mbwa huyo havihitaji damu ili vitumike. Huko Enduimet, magharibi mwa Kilimanjaro, mbwa wa kunusa wametumika kufuata nyayo za majangili. Wako unaweza kumfundisha misingi hiyohiyo uwanjani kwako. Anza na kukaa na kusubiri, uongeze umbali kidogo kidogo. Kisha filimbi: mlio mmoja mrefu asimame, mifupi mitatu arudi, na asipewe kipande cha nyama mpaka atii mara ya kwanza. Akishaweza, chukua mfuko wa kitambaa uliojaa pumba, urushe mbele yake akiona, baadaye uufiche kwenye nyasi asione, umtume autafute kwa pua na kukuletea mkononi. Wakati wa mvua fanya hivyo asubuhi, harufu hukaa vizuri kwenye unyevu. Kiangazi saa 4 ikishafika harufu imekauka na mbwa amechoka, mrudishe nyumbani. Chagua eneo lenye uzio, mbali na mashamba na vichaka, na kamba ndefu ya mita 10 isitoke shingoni mwake mpaka uwe na uhakika kwamba mbuzi akipita mbele yake atabaki amekaa.