Waanyuak si Wajaluo Waliobaki Njiani

Wiki hii nimetumiwa tena ile ramani ya mishale inayoonyesha walivyohama Wajaluo. Mnaijua: mshale mnene unaanzia Sudan Kusini, unafuata Nile kwenda juu, unapinda Uganda na kuingia Kisumu kama basi lililofika stendi ya mwisho. Pembeni kuna kimshale chembamba kinachochepuka kuelekea Ethiopia, kimeandikwa "Anyuak", yaani Waanyuak, watu wa mpakani mwa Ethiopia na Sudan Kusini. Chini yake maoni ni yaleyale ya mwaka jana na mwaka juzi: "ndugu zetu waliobaki nyuma", "hawa walichoka njiani", "Wajaluo wa Ethiopia". Mmoja ameweka na bendera ya Kenya. Nimenyamaza kiasi cha kutosha.

Udugu upo, sikatai. Katika jamii ya lugha za Kiniloti cha magharibi kuna tawi la Wadinka na Wanuer, na kuna tawi la Waluo, lenye Wajaluo na Waanyuak ndani yake. Mwanyuak akianza kuhesabu, Mjaluo anamfuata bila mkalimani mpaka kwenye tano, ambayo yeye mwenyewe huiita abich. Mnuer hapo atasema dhiec, sawa na Mdinka. Majina nayo yanafanana: Okello utamkuta Gambella ya Ethiopia, Gulu na Lira za Uganda, na Siaya ya Kenya. Majina ya wanaume wengi huanza na O, ya wanawake wengi na A. Kwa hiyo anayesema Waanyuak ni Wanuer amekosea, na jibu lake linaishia hapo.

Lakini Waluo wenyewe wana mafungu. La kaskazini lina Waanyuak, Washilluk wa kandokando ya Nile Nyeupe, Waluwo wa Bahr el Ghazal, Sudan Kusini, na Wapari. La kusini ni Waacholi, Walango, Waalur, Wadhola wa Tororo na Wajaluo wa Kenya. Mkalishe mzee wa Kijaluo wa Bondo na mzee wa Kianyuak wa Pochalla, Sudan Kusini, chini ya mti mmoja: kwenye maji, moto na hesabu watachekeana, lakini wakianza kugombania mpaka wa shamba hawataelewana. Mzee wa Bondo atapata neno hapa na pale, sentensi itamponyoka. Na Mwacholi? Huyo mzee wa Bondo atasikizana naye upesi zaidi. Ukiwa umezaliwa Siaya na unatafuta ndugu wa karibu, nenda Gulu kabla ya Gambella.

Sasa tuje kwenye hilo neno linaloniudhi: "waliobaki". Ili mtu abaki nyuma, lazima iwe mlikuwa na safari moja, na mwisho wa safari ujulikane. Nani alijua kuna Kisumu? Wale waliokuja kuwa Joka-Jok, Joka-Owiny na Joka-Omolo, makundi ya Wajaluo, walipita Uganda, wakakaa vizazi na vizazi, wakaoa, wakagombana, wengine wakalowea hukohuko. Waliopanda Got Ramogi, kilima cha Siaya ambako masimulizi huanzia Wajaluo wa Kenya, hawakupanda wakiwa na jina walilonalo leo. Vivyo hivyo walioelekea mito ya Sobat, Baro, Gilo na Akobo hawakufika wakiwa Waanyuak kamili. Matawi yaliachana kabla ya jina lolote kati ya hayo mawili kuwa na maana tunayoipa leo. Mwanyuak akichora ramani yake, Wajaluo ndio watakaokuwa kimshale chembamba kilichopotelea kusini, ziwani, na ramani hiyo haitakuwa na makosa kuliko yetu.

Na tarehe? Vitabu vya shule vitakwambia karne ya 15, kwa sauti ya kujiamini kabisa. Tarehe hizo nyingi hatukuzichimba ardhini. Tumehesabu mababu, baba wa baba wa baba, tukapiga mara miaka kama 27 kwa kizazi, basi. Nasaba za mdomo hurefushwa pale ukoo unapotaka cheo na hufupishwa pale babu alipoleta aibu. Kwa hiyo nikisikia "mwaka 1450" kwenye habari za Waluo wa kale huwa nasoma "zamani, kabla ya Wareno Mombasa, pengine". Hata chimbuko: wengi wetu tunasema Bahr el Ghazal, na mimi nasema hivyo darasani, lakini kinachotushikilia hapo zaidi ni lugha na masimulizi. Ushahidi wa udongo ni mwembamba kuliko tunavyokubali mbele ya wanafunzi.

Masimulizi ndiyo kabisa. Kila mara mtu hunijia na kisa cha mkuki na ushanga, kwamba ndicho kinachothibitisha umoja wa Waluo. Ndugu mmoja anapoteza mkuki wa mwenzake kwenye mwili wa tembo, analazimishwa kuufuata mpaka aupate. Baadaye mtoto wa yule mwenye mkuki anameza ushanga wa yule mwingine, na safari hii ni zamu ya kulipiza, tumbo la mtoto linapasuliwa. Waacholi na Waalur wana Labongo na Gipir, na wanakuonyesha mahali walipoachana, karibu na Pakwach, Uganda. Kisa kizuri. Shida ni kwamba Wadinka nao wanacho, na Wadinka si Waluo. Kwa hiyo kinatuonyesha jinsi watu wa bonde la Nile wanavyofikiri juu ya ndugu wanaodaiana hadi mwisho. Cheti cha kuzaliwa hakimo humo.

Waanyuak wana masimulizi yao, na hapa ndipo watu wa ramani wangepaswa kukaa kitako. Mtu alitoka mtoni, akawakuta vijana wanagombea samaki, akawaamulia kesi yao. Wakamkamata na kumpeleka kijijini. Binti wa mkuu wa kijiji akapata mimba yake, akazaa mtoto aliyeitwa Gilo, na yule mtu akarudi majini, akaacha shanga. Kutoka hapo wanatoka nyieya, yaani watu wa ukoo wa kitawala. Ukienda kwa Washilluk, Gilo huyohuyo ni ndugu yake Nyikang, mfalme wao wa kwanza, waliyeachana baada ya ugomvi. Huwezi kuwa mtoto wa mtu wa majini na wakati huohuo ndugu wa Nyikang. Vitabu huchagua toleo moja na kunyamazia lingine. Mimi nadhani masimulizi haya yanajibu maswali mawili tofauti: moja linauliza nani ana haki ya kutawala, lingine linauliza jirani yetu ni nani kwetu. Sina hakika zaidi ya hapo, na wanaojifanya wana hakika huwa siwaamini.

Zile shanga si hadithi tu. Mtoto wa ukoo huo ilibidi avishwe alama hizo walau mara moja maishani. Asipovishwa, watoto wake hawahesabiwi tena kuwa wa kitawala. Ndiyo maana wakuu walizipigania, zikahama kijiji hadi kijiji. Vijiji vingine havikuwa na nyieya bali mkuu wao wenyewe, na huyo watu wa kijiji walimwinamia wanapopita mbele yake, wakala chakula chake, na siku ghala lake lilipokauka wakamfukuza na kumweka ndugu yake. Uasi huo una jina, agem, na ulihesabiwa kuwa jambo la kawaida. Linganisha na Washilluk wenye mfalme mmoja, au Wajaluo ambao kila eneo lilikuwa na ruoth, yaani mkuu, wake. Damu moja, mnasema? Basi siasa tatu.

Mahari pia. Mjaluo bila ng'ombe hajaoa. Mwanyuak alikuwa na ng'ombe wachache: ni mkulima wa mtama na mahindi kandokando ya mito, mvuvi, tena Wanuer walipopanuka kuelekea mashariki katika karne ya 19 walimsukuma. Mahari yake ilikuwa dimui, shanga za zamani za kioo za rangi ya bluu. Idadi yake haiongezeki, kwa hiyo shanga zilizoingia kwa kumuoza dada ndizo zitakazotoka kumuolea kaka. Mtu akikwambia Waanyuak "wamesahau" mila za Waluo kwa kukosa ng'ombe, mwonyeshe hesabu hiyo.

Wala msidhani walikaa tu wakionewa. Mwanzoni mwa karne ya 20 walipata bunduki kutoka Ethiopia kwa kubadilishana na pembe za ndovu, wakawageuzia kibao Wanuer, na mwaka 1912 jeshi la Waingereza lililotumwa kuwatuliza huko Adonga, nchini mwao, lilipata hasara kubwa.

Miaka kumi kabla ya hapo, 1902, Waingereza na Menelik, mfalme wa Ethiopia, walikuwa wamekubaliana mpaka, na mito iliyokuwa katikati ya nchi ya Waanyuak ikawa ukingo wa nchi mbili. Upande wa Ethiopia wakaanza kuitwa Wasudani, upande wa Sudan wakawa watu wa Ethiopia. Miaka ya 1980 serikali ya kijeshi ya Derg, Ethiopia, ikaleta Gambella maelfu ya watu kutoka nyanda za juu. Desemba 13, 2003, mjini Gambella, mamia ya Waanyuak waliuawa na maelfu wakakimbilia Pochalla, na baadhi wakafika hadi Kenya. Sasa fikiria Mwanyuak aliyefika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa njia hiyo anasomewa na kijana wa Nairobi kwamba kwao hasa ni Kisumu, alichelewa tu basi. Wanaotaka ardhi yake wamekuwa wakimwambia kwa muda mrefu kwamba yeye ni mgeni pale. Ninyi mnawasaidia, tena mkicheka, na bendera juu.

Ukikutana na Mwanyuak, muulize kijiji. Atakutajia kijiji, na mto, na mkuu wa kijiji, na pengine aliyemfukuza.

Na kwa yule aliyeuliza kama Wapari niliowataja ni Wapare: hapana. Wapari ni Waluo wa kilima cha Lafon, Sudan Kusini, na wanasema wazi walitokana na Waanyuak. Wapare ni Wabantu wa milima iliyo kusini mashariki ya Kilimanjaro. Hao wana matatizo yao na ramani.